Sheria ya Dahl na Ndimi za Ndugu Zetu: Historia Fupi ya Sauti Zinazoachana

1. Utangulizi

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, tunasoma habari ya vivuko vya Yordani. Wagileadi walimtaka kila mtu aliyetaka kuvuka atamke neno Shibolethi. Mwefraimu aliposema Sibolethi alijulikana, akakamatwa, akauawa. Maandiko yanasema kwamba wakati ule walianguka watu 42,000. Tofauti iliyowatenga walio hai na waliokufa ilikuwa ni sauti moja tu mwanzoni mwa neno.

Sisi tulio katika huduma hatushiki panga kivukoni. Hata hivyo tunazo njia zetu za kumzuia mtu asivuke. Tunacheka anaposoma Neno, tunampunguzia alama, tunasema kwamba bado hajakomaa kwa mimbari. Katika makala hii tunakusudia kueleza historia ya kanuni moja ya sauti iitwayo Sheria ya Dahl, ambayo iligunduliwa kutokana na lugha ya hapa kwetu Tanzania na mmisionari aliyesikiliza kwa makini. Tunaeleza historia hiyo kwa sababu inatuhukumu sisi wenyewe, kama msomaji atakavyoona.

2. Daftari la mazoezi

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja mjini Sumbawanga, tuliketi pamoja na wazee wa kanisa kumsikiliza mwanafunzi wa theolojia aliyekuwa katika mazoezi ya huduma. Kijana huyo alizaliwa katika makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, wilayani Mpanda. Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa katika miaka ya 1970, baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, na Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa mpaka Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012. Mwaka 2014 watu zaidi ya laki moja na nusu miongoni mwa wakimbizi wa 1972 na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania.

Mwanafunzi yule alikuwa amejiandaa vema, na hotuba yake ilikuwa na mpango mzuri. Lakini aliposema "gitabu" mahali pa "kitabu", vijana wa kwaya walianza kusukumana kwa viwiko. Aliposema "gutubu", kicheko kilisikika mpaka madhabahuni. Nasi, badala ya kuwanyamazisha waliocheka, tuliandika katika daftari letu: "Lafudhi mbaya. Ajifunze kutamka." Kisha tukampunguzia alama. Tulipata habari baadaye kwamba tangu siku ile kila alipopangiwa kusoma masomo ya Jumapili aliomba mwingine asome kwa niaba yake.

Daftari lile lilikaa rafuni. Tulilifungua tena siku tulipokuwa tukitayarisha somo la Kiyunani kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa mazoea tulikuwa tumeandika kila neno tulilodhani amelikosea: gitabu, gusoma, gutubu, gusifu, gukiri. Tulipoyatazama tena tukaona jambo ambalo siku ile hatukuliona. Katika hotuba ileile alikuwa amesema kubatiza, kugawa, kuleta, kidogo na kiburi, na hayo yote aliyatamka kama tunavyoyatamka sisi. Hakusema "gubatiza" hata mara moja. Makosa ya uzembe hayana mpango, bali haya yalikuwa na mpango usiokosea. Basi tukajiuliza mpango huo umetoka wapi.

3. Somo la Kiyunani

Kila mwanafunzi wa theolojia hukutana na jambo hili pasipo kulitambua. Anapojifunza wakati timilifu wa Kiyunani anaambiwa arudie konsonanti ya kwanza ya kitenzi na kuiongezea irabu "e". Kwa hiyo luō, yaani nafungua, huwa leluka. Anapofika kwenye phileō, yaani napenda, angetazamia aone "phephilēka". Badala yake anakuta pephilēka, na katika Yohana 16:27 anasoma pephilēkate. Pumzi iliyokuwa katika "ph" ya kwanza imekwenda wapi?

Vivyo hivyo nywele ni thrix, lakini tukisema "ya nywele" ni trikhos. Kuchinja sadaka ni thuō, lakini katika 1 Wakorintho 5:7, Mtume anaposema kwamba Kristo, Pasaka wetu, amechinjwa, neno lake ni etuthē, wala si "ethuthē". Mahali pengi ambapo silabi mbili zinazofuatana zingekuwa na konsonanti zenye pumzi, ile ya kwanza huacha pumzi yake.

Aliyelieleza jambo hili kwa mara ya kwanza kwa utaratibu ni Hermann Grassmann, mwalimu wa shule katika mji wa Stettin, jimbo la Pomerania, mwaka 1863. Grassmann alisoma theolojia mjini Berlin, lakini watu wengi humfahamu kama mtaalamu wa hisabati. Alilinganisha Kiyunani na Kisanskriti, akaona kwamba lugha zote mbili hukwepa pumzi mbili zilizo jirani. Tangu hapo kanuni hiyo inaitwa Sheria ya Grassmann.

Ni vema tukumbuke hali ya nyakati zile. Mwaka 1878 wataalamu wa Leipzig, Hermann Osthoff na Karl Brugmann, walitangaza kwamba sheria za sauti hazina ubaguzi: sauti ikibadilika katika mazingira fulani, hubadilika katika maneno yote yenye mazingira hayo. Neno walilolitumia ni lile lile la Kijerumani ambalo Luther alilitumia aliponena juu ya Sheria na Injili. Lakini sheria hii haiamuru wala haihukumu. Inaeleza tu yale ambayo vinywa vya watu vimekuwa vikiyafanya kwa vizazi vingi, bila mtu yeyote kuwaagiza.

4. Mchungaji wa Zizow na mmisionari wa Unyamwezi

Katika jimbo lile lile la Pomerania, kijijini Zizow, alihudumu mchungaji wa Kilutheri aitwaye Carl Meinhof, aliyezaliwa mwaka 1857. Alianza huduma yake huko mwaka 1886. Mafundisho ya lugha za Kibantu hakuyapata kwanza chuoni, bali aliyapata kwa kijana wa Kameruni aliyeitwa Njo Dibone, msemaji wa Kiduala aliyekaa Pomerania. Mwaka 1889 Elli Meinhof, mkewe, alichapisha hadithi za Kameruni zilizosimuliwa na kijana huyo. Mwaka 1899 Meinhof mwenyewe alitoa kitabu chake cha msingi juu ya sauti za lugha za Kibantu, ambamo alijaribu kuonesha jinsi lugha hizo zilivyotokana na lugha-mama moja. Kwa miaka mingi kitabu hicho kilikuwa nguzo ya elimu hiyo.

Wakati huohuo, huku kwetu, Wamoravian wa Herrnhut walikuwa wameanza kazi Unyamwezi mwishoni mwa karne ya 19. Inafaa tukumbuke kwamba Herrnhut yenyewe ilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, waliopewa hifadhi katika ardhi ya Bwana Zinzendorf. Kanisa lililozaliwa katika makazi ya wakimbizi ndilo lililomtuma Unyamwezi mmisionari Edmund Dahl.

Dahl alikaa na Wanyamwezi, akasikiliza namna wanavyosema. Baadaye, mwaka 1915, kamusi yake ya Kinyamwezi ilichapishwa mjini Hamburg. Lakini jina lake linakumbukwa zaidi kwa jambo dogo alilolitambua kabla ya hapo. Aliona kwamba katika mizizi ya maneno ya Kinyamwezi, mahali ambapo lugha nyingine za Kibantu zina konsonanti mbili zisizo na mtetemo wa koo zikifuatana, kama t na t au k na t, Kinyamwezi hugeuza ile ya kwanza kuwa yenye mtetemo. Mahali tunaposema tatu, Wanyamwezi na Wasukuma husema -datu. Mahali tunaposema kati, wao husema gati.

Meinhof alielewa mara moja uzito wa jambo hilo. Mwaka 1903 alichapisha makala juu yake katika jarida la Jumuiya ya Kijerumani ya elimu za Mashariki, naye hakuiita kwa jina lake mwenyewe, bali aliiita Sheria ya Dahl. Miaka 40 kamili ilikuwa imepita tangu makala ya Grassmann. Yale yaliyoonekana katika Kiyunani cha kale na katika Kisanskriti, lugha zilizohesabiwa kuwa za wenye hekima, yalionekana pia Unyamwezi: sauti mbili zinazofanana zinapokuwa jirani, ya kwanza humpisha ya pili. Tofauti ni kwamba Myunani aliacha pumzi, na Mnyamwezi akaongeza mtetemo.

Hatuna budi kusema pia kwamba jina la sheria hii ni la msikilizaji. Wenye sheria ni Wanyamwezi, ambao walikuwa wakiifuata kabla mgeni hajafika.

5. Sheria ikifanya kazi

Kwa faida ya msomaji asiyezoea mambo haya, tueleze kwa ufupi. Konsonanti za ghuna ni zile ambazo nyuzi za sauti kooni hutetema zinapotamkwa, kama b, d na g. Konsonanti sighuna hazina mtetemo huo, kama p, t, k, s na f. Mtu akiweka kidole kooni na kutamka "ga", kisha "ka", ataihisi tofauti hiyo.

Katika Kinyamwezi na Kisukuma sheria imekaa ndani ya mizizi. Katika Kirundi na Kinyarwanda ingali hai katika viambishi. Mrundi husema kubona (kuona) na kugenda (kwenda), lakini husema gusoma, gukora (kufanya kazi) na gukunda (kupenda). Akiwaalika watu kuimba atasema turirimbe. Akiwaalika kuomba atasema dusenge. Tu- imegeuka kuwa du- kwa sababu ya s inayofuata. Hata siku za juma zinaitii sheria: Jumanne ni siku ya kabiri, Jumatano ya gatatu, Alhamisi ya kane, Ijumaa ya gatanu, na Jumamosi ya gatandatu. Ka- inabaki ka- mbele ya b na n, nayo inageuka kuwa ga- mbele ya t.

Majina ya lugha na ya miji yanashuhudia vivyo hivyo. Wanyarwanda husema Ikinyarwanda, lakini husema Igiswahili na Igifaransa. Katika mkoa wa Mara, Wakuria huita lugha yao Igikuria, hali Wagusii wa Kenya huita yao Ekegusii, kwa kuwa g ya "gusii" ni ya ghuna tayari. Ramani inayo Kigali, Kibuye na Kigoma. Inayo pia Gitega, Gisenyi na Gitarama. Huko Kenya ya kati kuna Kiambu na Kabete, na kuna Gatundu. Na watu wenyewe ni Gĩkũyũ, ambao katikati huiita gatagatĩ. Mnyarwanda husema hagati.

Si kila lugha huifuata sheria kwa kipimo kilekile. Mwaka 1982 J. I. M. Davy na Derek Nurse walionesha kwamba lugha hutofautiana: nyingine huigeuza silabi moja tu, nyingine huendelea mbali zaidi, nyingine hugeuza konsonanti zote, nyingine k peke yake.

Tena tusidhani kwamba sauti zinazofanana huachana siku zote. Wakati mwingine huvutana. Sisi tunasema pigia na andikia, bali letea na somea, kwa kuwa irabu ya kiambishi huifuata irabu ya mzizi. Wabemba wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Ufipa, hugeuza l ya kiambishi kuwa n mzizi unapoishia kwa sauti ya puani: kutumia mtu ujumbe ni tumina, mahali ambapo tungetazamia "tumila". Waganda nao, wingi wa olulimi kwao ni ennimi, hali sisi kwa wingi wa ulimi tunasema ndimi. Neno ni moja, nalo ndilo neno la siku ya Pentekoste. Lakini kila taifa limelipitisha katika njia yake.

6. Ufipa njia panda

Kwa nini jambo hili lituguse sisi wa Ufipa? Kifipa chenyewe kiko upande mwingine. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu kwa kanda mwaka 1948, alikiweka Kifipa katika kanda ya M pamoja na Kibemba, na Kinyamwezi na Kisukuma akaviweka katika kanda ya F. Wenyeji huiita lugha yao Icifipa. Msomaji aliyetufuata mpaka hapa ataona kwamba kiambishi kimebaki bila mtetemo mbele ya f. Sikio la Mfipa halikulelewa na Sheria ya Dahl, na kwa hiyo "gitabu" hulishtua.

Lakini uwanda wa Ufipa haujawahi kuwa wa watu wa lugha moja. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wameshuka na ng'ombe wao mpaka bonde la Rukwa, na lugha yao ni yenye -datu na gati. Kutoka kaskazini wamekuja watu wa makazi ya Mpanda na Kirundi chao. Waalimu, askari, wafanyabiashara na sisi wachungaji tumekuja kutoka kila upande. Jumapili moja mjini Sumbawanga, katika benchi moja, wanaweza kuketi watu wa lugha nne, wote wakiimba Kiswahili, na kila mmoja akikiimba kwa koo aliyopewa na mama yake.

Nao Wafipa wanajua uchungu wa kudharauliwa kwa ajili ya neno. Wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Yaani anayeingia mjini auache nje. Walakini nchi nzima hulitaja jina hilo kwa mzaha, kana kwamba ndiko uchawi unakotoka. Amri ya kuutupa uchawi imefanywa kuwa shutuma ya kuwa nao. Anayechekwa kwa jina la mji wake angepaswa kuwa wa mwisho kumcheka mwingine kwa sauti ya kiambishi.

7. Kwa nini sauti huachana

Wataalamu wametafuta sababu ya badiliko la namna hii. Maelezo moja yanayostahili kutafakariwa na wahubiri yalitolewa mwaka 1981 na John Ohala. Yeye aliona kwamba mabadiliko mengi hayaanzii katika ulegevu wa msemaji; yanaanzia katika sikio la msikilizaji. Msikilizaji anajua kwamba sauti huambukizana. Anaposikia pumzi katika silabi mbili, huweza kudhani kwamba pumzi ya kwanza ni maambukizo tu kutoka kwa ile ya pili. Basi kwa nia njema anairekebisha: anaiondoa ya kwanza, na baadaye anaitamka kama alivyoirekebisha. Amesahihisha kisichokuwa kosa. Watoto wake hujifunza kwake, na baada ya vizazi kadhaa sahihisho limekuwa lugha.

Tulipolitafakari hilo tuliona picha yetu wenyewe. Sisi nasi tulisikia, tukadhani tumesikia kosa, tukasahihisha. Lakini sahihisho letu halikuzaa lugha, lilizaa ukimya.

8. Onyo kutoka kwa historia hiyohiyo

Tungekuwa si waaminifu kama tungeishia kwenye sifa za Meinhof. Mwaka 1909 alihamia Hamburg, akawa mwalimu mkuu wa lugha za Kiafrika katika taasisi ya makoloni. Mwaka 1912 alitoa kitabu juu ya lugha alizoziita za Wahamiti. Ndani yake alichanganya habari za lugha, za ufugaji na za umbo la mwili, na kuyapanga mataifa ya Afrika kwa madaraja, mengine yakiwa ya kutawala na mengine ya kutawaliwa. Joseph Greenberg aliuonesha udhaifu wa nadharia hiyo katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1933 Meinhof alijiunga na chama cha Wanazi. Alifariki mwaka 1944.

Sikio lililoweza kusikia mpango katika -datu ya Mnyamwezi halikumzuia mwenye sikio hilo asiwapime watu kwa mizani ya dharau. Na imani kwamba kuna Wahamiti waliozaliwa kutawala, ambayo wengi waliichangia, ilifundishwa Rwanda na Burundi mpaka ikawa sumu. Hivyo baadhi ya wale waliokimbilia Mpanda walikuwa wakikimbia, pamoja na mengine, matunda ya mafundisho yaliyotoka vyuoni. Kwa hiyo kuijua sheria ya sauti hakutoshi. Elimu bila upendo inaweza kuihesabu pumzi ya kila konsonanti na bado isimsikie mtu.

9. Hitimisho

Je, tunasema basi kwamba msomaji wa Neno asifundishwe matamshi ya Kiswahili sanifu? La hasha. Neno lapaswa kusikika, na mwalimu anao wajibu wa kumsaidia mwanafunzi. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "kinywa chako ni kibovu" na kumwambia "lugha yako ina sheria yake, na Kiswahili kina yake, hebu tuzilinganishe". Mwanafunzi anayeambiwa hilo la pili hujifunza upesi, kwa sababu hana aibu ya kubeba. Tumelijaribu darasani. Sasa tunapofundisha pephilēka tunaandika ubaoni gatatu na gusoma kando yake, na wanafunzi kutoka Kigoma, Mara na Mpanda huwa ndio wa kwanza kuielewa Sheria ya Grassmann, maana wanayo kinywani.

Petro naye alijulikana kwa usemi wake, kama tusomavyo katika Mathayo 26:73. Ule usemi wa Kigalilaya uliomtambulisha uani kwa Kuhani Mkuu ndio aliousimama nao siku ya Pentekoste. Roho Mtakatifu hakumsahihisha lafudhi kwanza. Nao waliostaajabu walitambua kwamba wanenaji wote ni Wagalilaya.

Kuhusu mwanafunzi wetu, tulimwandikia barua, tukamweleza tuliyoyaona katika daftari, tukamwomba radhi. Alijibu kwamba kwa muda wa miaka miwili hakuwa amesoma Neno mbele ya watu, na kwamba angejaribu tena Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alama zake za zoezi lile tumekwisha kuzirudisha. Miaka miwili hatuwezi kuirudisha.